Gitaa la mtumba: muuzaji anasema pikapu ya darajani ni Seymour Duncan JB. Nithibitisheje?

SoloNkuhungu

Wakuu, habari zenu. Nina gitaa la umeme la mtumba mkononi, nimepewa nilijaribu hadi Jumamosi. Umbo ni la Stratocaster, jina la kichwani limekwanguliwa, bamba la shingo halina namba. Pikapu, yaani vinasa sauti vya nyuzi, ni tatu: darajani kuna hambaka, yaani ya koili mbili, isiyo na kifuniko, katikati na shingoni ni za koili moja moja. Muuzaji anasisitiza kwamba hambaka ni JB halisi, modeli ya kampuni ya Kimarekani ya Seymour Duncan, na kwa sababu hiyo anataka shilingi 180,000 juu ya bei ya gitaa. Fedha ni ya kwaya, kwa hiyo nataka nijue nalipia nini.

Nimepima ukinzani kwa mita (k ni omu elfu) kupitia waya wa gitaa uliochomekwa kwenye jeki, pini moja kwenye ncha ya plagi na nyingine kwenye shina lake. Volyumu nimefungua yote. Ilikuwa saa nane mchana.

Swichi nafasi ya 1 (daraja): 15.1k
Nafasi ya 2 (daraja na kati): 3.37k
Nafasi ya 3 (kati): 5.93k
Nafasi ya 4 (kati na shingo): 3.01k
Nafasi ya 5 (shingo): 6.03k

Vyuma vya hambaka, safu zote mbili, ni skrubu za kufungua kwa alen. Waya wake: mwekundu umeingia kwenye swichi, mweusi na mweupe zimechomewa pamoja kisha zikapelekwa mguu mwingine wa swichi, kijani na ule mtupu vipo kwenye ethi. Chini kuna mabaki ya lebo iliyochanika, hayasomeki. Volyumu na toni ni zile ndogo zilizoandikwa B500K. Hakuna betri popote.

La pili: nafasi ya 2 sauti ni nyembamba, ya puani, besi imepotea. Nafasi ya 4 iko safi. Je, pikapu imekufa koili moja?

FundiMakole

Mkuu, umeleta vipimo vya kutosha. Nianze na jibu: hiyo si JB, na hakuna koili iliyokufa.

Tazama vyuma kwanza. JB, iwe SH-4 au TB-4 (ile yenye vyuma vilivyoachana zaidi), ina safu moja ya skrubu za bisibisi bapa na safu nyingine ya vyuma laini visivyo na tundu. Safu mbili za alen ni mtindo unaouona sana kwa DiMarzio, kampuni nyingine ya pikapu, na viwanda vingi vya Asia vimeuchukua. Seymour Duncan wenyewe wana modeli zenye alen safu zote mbili, Full Shred kwa mfano, ila JB haimo.

Ushahidi wa pili ni mzito zaidi, nao uko kwenye rangi za waya. Duncan na DiMarzio wote hutumia nyekundu, nyeusi, nyeupe na kijani, ndiyo maana watu huchanganyikiwa. Tofauti ni rangi ipi iko kwenye koili ipi. Duncan: nyeusi na nyeupe ni ncha mbili za koili moja, nyekundu na kijani ni za koili ya pili. Kwa hiyo ukitaka koili zifuatane unaunganisha nyekundu na nyeupe, nyeusi inakuwa waya wa sauti, kijani inakwenda ethi. DiMarzio: nyekundu na nyeusi ni koili moja, nyeupe na kijani ni ya pili, unaunganisha nyeusi na nyeupe, nyekundu inatoa sauti.

Sasa gitaa lako lina nyeusi na nyeupe zilizounganishwa. Kama ingekuwa Duncan, hapo ncha mbili za koili ileile zimekutanishwa, koili hiyo imejifunga yenyewe, na kwenye jeki ungesoma koili moja tu, karibu nusu. Wewe umesoma 15.1k, yaani koili zote mbili zinafuatana. Mpangilio wa ndani ni ule wa DiMarzio. Hilo halithibitishi kuwa ni DiMarzio, kwa sababu viwanda vingine hutumia mpangilio huohuo, lakini linaiondoa Duncan isipokuwa kama mtu alibadilisha kebo yote kutoka kwenye bobini, yaani kiini kinachozungushiwa waya.

Kuhusu nafasi ya 2: hambaka nzima ikiungana sambamba na ile ya kati ungesoma karibu 4.3k. Umesoma 3.37k. Piga hesabu kwa nusu ya hambaka, 7.8k sambamba na 6.0k, unapata 3.39k; volyumu ya 500k ikiongezwa sambamba inashuka hadi 3.37k. Inakubali kabisa. Maana yake swichi yako imefungwa ili ikifika nafasi ya 2 izime koili moja ya hambaka. Mguu ule wa swichi wenye nyeusi na nyeupe ndio unaofanya kazi hiyo. Mpangilio huo hupatikana sana kwenye magitaa ya Ibanez, na kwa wengine pia.

BesiSingida

Nakubaliana na fundi kuhusu rangi. Ila mimi ningemwambia ndugu asihangaike na jina. 15k ni pikapu kali kuliko JB yoyote ya mchongo, itasukuma ampu vizuri. Omu nyingi, nguvu nyingi. Alipe tu kama sauti imempendeza.

Koili_Chadulu

Ndugu BesiSingida, hapo pa "omu nyingi, nguvu nyingi" naomba nipinge, maana ndipo watu wanapopoteza fedha kila siku.

Omu inapima urefu na wembamba wa waya wa shaba, basi. Waya namba 42, uliotumika kwenye hambaka za zamani za Gibson, una unene wa karibu milimita 0.063 na karibu omu 5.4 kwa mita. Namba 43 ni karibu milimita 0.056, omu kama 6.9 kwa mita. Mizunguko ileile, kwenye bobini ileile, ukibadilisha tu kutoka 42 kwenda 43 omu inapanda zaidi ya robo, na nguvu haijaongezeka chochote. Bobini ya hambaka ya kawaida hujaa waya wa 42 kabla hata haijafika mbali na 10k kwa koili zote mbili. Kwa hiyo kusoma 15k kunakuambia jambo moja la uhakika: waya ni mwembamba zaidi ya 42. Idadi ya mizunguko na aina ya sumaku bado hujaijua.

Kinachosema zaidi ni induktansi, inayopimwa kwa mita ya LCR kwa kipimo cha henri. Pikapu ya Strat ya kawaida huangukia karibu henri 2 hadi 3, hambaka ya mtindo wa zamani karibu 4 hadi 5, zenye mizunguko mingi hufika 7 au 8. Weka mita kwenye masafa ya 100 au 120 Hz, si 1 kHz wala 10 kHz, maana juu huko chuma cha ndani na kifuniko hupotosha usomaji. Na hapa lazima utenganishe pikapu na volyumu. Kupitia jeki hutapata namba ya maana.

Jambo jingine ambalo sisi wa Dodoma tunapaswa kulizingatia: joto. Shaba huongeza ukinzani karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Namba za watengenezaji huchukuliwa kwenye joto la chumba, tuseme nyuzi 20. Saa nane mchana, chini ya bati, gitaa lina nyuzi 32 bila shida. Tufanye hesabu. Kwanza ondoa volyumu: 15.1 mara 500, gawa kwa 500 toa 15.1, unapata 15.57k. B500K inaweza kupungua au kuzidi asilimia 20, lakini hata hivyo jibu linabaki kati ya 15.5k na 15.7k. Kisha ondoa joto: gawa kwa 1.047, unabaki na karibu 14.9k. JB hutajwa kuwa karibu 16.4k. Tofauti ya asilimia 9 peke yake haitoshi kuikataa pikapu, kwa kuwa kiwandani nako hutofautiana, ila inaelekea upande uleule alioonyesha FundiMakole. Ukipima alfajiri ya Julai, namba inashuka yenyewe bila pikapu kubadilika.

Na usishike vyuma vya pini zote mbili za mita kwa vidole. Mwili wako unakuwa njia sambamba ya umeme na kwenye 15k inatosha kuiba mamia ya omu, hasa mikono ikiwa na jasho.

SoloNkuhungu

Asanteni sana, wakuu. Pini nilizibana kwa klipu, sikuzishika. Hiyo hoja ya nyeusi na nyeupe nitamwonyesha muuzaji palepale kwa mita. Lakini atasema kebo ilibadilishwa. Kuna kipimo ambacho hawezi kukipinga? Na ile sauti nyembamba ya nafasi ya 2, kama koili zote ni nzima, inatoka wapi?

Koili_Chadulu

Sumaku. JB ina sumaku ya Alniko 5. Alniko ni metali, inapitisha umeme. Seramiki haipitishi. Mita yako ya mlio inatosha.

Legeza nyuzi, bandika gundi-karatasi juu ya pikapu zote kabla hujagusa bisibisi, kwa sababu chembe za chuma na vumbi letu hili jekundu likinasa kwenye sumaku kulitoa ni kazi. Fungua skrubu za plastiki ya mbele, inua bila kuvuta waya, igeuze. Chungulia hambaka kwa upande wake mfupi, kati ya bobini na bamba la chini: utaona ukingo wa kipande kirefu kilicholala katikati. Hiyo ndiyo sumaku. Mara nyingi imefunikwa na nta, kwa hiyo kwaruza kidogo kwa ncha ya pini hadi uguse kitu kigumu. Weka pini zote mbili kwenye sumaku hiyohiyo, umbali wa milimita chache. Ikilia, ni alniko. Isipolia baada ya kukwaruza sehemu mbili tofauti, ni seramiki, na mjadala wa JB umekwisha. Angalia pini isiguse bamba wala skrubu, maana hivyo ni vyuma na vitalia tu.

Kipimo hicho usikitumie juu ya vyuma vya pikapu za koili moja. Pale juu, chuma cha kawaida na alniko vyote vinalia. Kwa zile angalia chini: ukiona kipande kimoja au viwili vyeusi vilivyobandikwa kwa gundi chini ya vyuma, ni seramiki na vyuma vyenyewe si sumaku. Ukiona ncha sita za mviringo tu, hizo fimbo ndizo sumaku. Na tafadhali, fimbo za alniko usizisukume ili kurekebisha urefu. Kwenye pikapu nyingi za aina hiyo waya umezungushwa juu ya fimbo moja kwa moja. Ikisogea nusu milimita inakata waya wa ndani na pikapu inakufa siku hiyohiyo.

FundiMakole

Naongezea upande wa nafasi zilizo kati ya vyuma, kwa sababu wengi hupima vibaya. Usikisie katikati ya skrubu. Pima kutoka ukingo wa kushoto wa chuma cha kwanza hadi ukingo wa kushoto wa chuma cha sita; namba hiyo ni sawa na ya katikati hadi katikati. SH-4 ni 49.2 mm, TB-4 ni 52.6 mm, DiMarzio za nafasi pana ni 51 mm. Rula ya shule inatosha kutenganisha 49 na 52, lakini kutenganisha 49.2 na 50 unahitaji kalipa.

Sasa nafasi ya 2. Dalili zako, nyembamba, puani, besi kupotea, ni za fezi kupingana: wimbi la nyuzi linalotoka kwenye koili ya hambaka linapingana na lile la pikapu ya kati. Kwa kuwa nafasi ya 4 ni safi, ya kati na ya shingo zinaelewana. Kwa hiyo usiguse ya kati! Ukiigeuza hiyo, utaponya nafasi ya 2 na kuharibu ya 4. Anayegeuzwa ni hambaka.

Hakikisha kwanza kwa mita. Swichi nafasi ya 1, mita kwenye 20k, pini nyekundu kwenye ncha ya plagi. Laza bisibisi nene ya chuma juu ya safu zote mbili za skrubu, subiri namba itulie, kisha inyanyue kwa haraka. Namba itaruka kidogo juu au chini halafu irudi. Andika iliruka wapi. Fanya hivyohivyo nafasi ya 3 na ya 5. Mita za bei nafuu husoma polepole, kwa hiyo rudia mara kadhaa hadi upate mwelekeo uleule. Mita ya mshale inaonyesha vizuri zaidi. Nategemea 3 na 5 zitaruka upande mmoja na 1 upande mwingine.

Ikiwa ndivyo, kazi ni waya mbili tu. Nyekundu itoke kwenye swichi iende ethi, kijani itoke ethi iende pale ilipokuwa nyekundu. Waya mtupu ubaki ethi, usiuhamishe na kijani, la sivyo kinga yote ya pikapu inakuwa waya wa sauti na gitaa linanguruma vibaya. Nyeusi na nyeupe zibaki pamoja mahali pake. Baada ya hapo nafasi ya 2 itatumia koili ile nyingine, ambayo ilikuwa inazimwa. Mngurumo wa umeme wa nafasi ya 2 hautabadilika, kwa sababu koili mbili za hambaka zimezungushwa kinyume na pande zake za sumaku ni kinyume. Unachogeuza ni sauti ya nyuzi peke yake. Kwa hiyo kama sasa hivi nafasi ya 2 inanguruma kidogo kuliko ya 3, faida hiyo utabaki nayo.

Kwa kuchomea risasi, chuma cha wati 40 kinatosha kwa miguu ya swichi. Ncha iguse sekunde mbili tatu, isizidi. Mgongo wa volyumu ndio unaotaka chuma kikubwa, wati 60, maana bati lake hunyonya joto na ukitumia kidogo utakaa pale hadi uunguze kaboni ya ndani. Tumia risasi yenye rezini katikati. Asidi ya kuchomea mabati usiisogeze karibu na gitaa, inakula waya taratibu na utaliona tatizo miezi baadaye.

BesiSingida

Koili_Chadulu, umenishinda kwenye omu, nakubali. Swali la haraka kwa faida ya wote: mtu akikuta lebo nzima, anaweza kuiamini?

Koili_Chadulu

Lebo ni mwanzo wa kuuliza. Karatasi ya kubandika yeyote anaichapisha, kwa hiyo lebo lazima ikubaliane na vyuma, sumaku, rangi na omu. Kuna herufi ambazo husaidia kweli: V7, V8, S1, INF1, INF2 ni pikapu za kiwandani za Ibanez. "Duncan Designed" ni za leseni, zinazofungwa kwenye magitaa ya bei ya kati. Si zile za kiwanda cha Marekani, na bei yake haifanani. EMG, kampuni nyingine ya pikapu, nayo ina za betri na zisizo na betri. Zile za betri, kama EMG 81, usizipime omu kabisa, utasoma kikuza sauti cha ndani, namba isiyo na maana. Ukikuta kifuniko cheusi kimeandikwa EMG 81, hakuna betri, na sauti inatoka, basi jina halikubaliani na kilichomo.

Na atakayekutana na hambaka ya Gibson yenye maandishi "Patent Applied For" awe mwangalifu sana. Seth Lover, aliyebuni hambaka ya Gibson, aliombewa hataza mwaka 1955, ikatolewa 1959 kwa namba 2,896,491. Lebo za baadaye za Gibson ziliandikwa 2,737,842, ambayo ni hataza ya kifaa cha kushikia nyuzi, si ya pikapu. Kwa hiyo mtu akikuuzia lebo yenye namba "sahihi" ya pikapu na kuiita ya miaka hiyo, hapo ndipo pa kushtuka.

Volyumu kubwa za Kimarekani nazo zina tarehe: 137 ni kiwanda cha CTS, 304 ni cha Stackpole, tarakimu zinazofuata ni mwaka na wiki. 1377912 ni CTS, wiki ya 12 ya 1979. Inakupa tarehe ya volyumu tu, na volyumu hubadilishwa. B500K ndogo kama za mkuu hapa ni za kawaida kwenye magitaa ya Asia.

SoloNkuhungu

Wakuu, majibu haya hapa. Sumaku haikulia, nimekwaruza sehemu tatu, ni nyeusi na inavunjika unga kidogo ukingoni. Bisibisi: nafasi ya 3 na 5 namba imeruka juu, nafasi ya 1 imeruka chini. Ukingo kwa ukingo ni karibu 50 mm kwa rula. Pikapu mbili za koili moja zina vipande viwili vyeusi kila moja chini. Nimemfanyia muuzaji kipimo cha mlio mbele yake, akaondoa ile 180,000. Gitaa tumelichukua kwa bei ya gitaa.

Nimehamisha nyekundu na kijani jioni hii. Nafasi ya 2 imejaa, besi imerudi. Kilichobaki ni mikwaruzo ya sauti nikipitisha mkono kwenye plastiki ya mbele.

FundiMakole

Hongera, mkuu. Hiyo ni hambaka ya seramiki ya kiwandani, ya waya mwembamba, na kwa sebene la solo kwenye nafasi ya 2 itakufaa vizuri. Ukizibonyeza nyuzi kwenye freti ya mwisho, acha karibu 2.5 mm kati ya uzi mnene na skrubu, na 2 mm upande wa uzi mwembamba, kisha shusha za koili moja hadi sauti zilingane na hambaka.

Mikwaruzo ni umeme tuli. Kiangazi cha huku hewa ni kavu na plastiki inajichaji ukiisugua. Futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo ili ujue kama ndiyo yenyewe. Ikinyamaza, bandika karatasi ya alumini nyuma ya plastiki yote, iguse mgongo wa volyumu ili iwe ethi, na ufunike kwa gundi-karatasi sehemu zilizo karibu na miguu ya swichi isije ikagusa waya wa sauti.